Karatasi Iliyomwita Mzee Elisha Mwizi

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Msicheke. Daktari wa Homa Bay alinipima tumbo, akanipima kifua, akaniuliza nimekunywa petroli kwa miaka mingapi. Nikamwambia saba. Akadhani namtania. Nyinyi mnaobaki kwenye banda la pikipiki mnajua sitanii. Kila asubuhi unaingiza mpira kwenye pipa, unavuta kwa mdomo, ikifika unatema, na siku ingine huwahi kutema. Sasa nimekatazwa kabisa, kwa hivyo nimeondoka, na kabla hasira yangu haijapoa nimeamua kuiandika. Mkitaka kumbukumbu tamu nendeni kwa karani, yeye alikaa kwenye kiti miaka yote.

Mambo ya mshahara na vyeo hamtapata hapa. Mshahara ulikuwa matusi na cheo sikuona. Nitaandika juu ya pipa, mkebe wa maziwa na Mzee Elisha. Najua nyinyi vijana mmesikia hilo jina. Mmeambiwa alikuwa mzee mmoja wa Rusinga aliyefukuzwa kwa kuiba petroli na kujazia mafuta ya taa. Aliyewaambia hivyo ni mwongo, au alidanganywa na mwongo. Someni mpaka mwisho ndio mrudi kuongea.

Nilikuja Homa Bay mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka Mfangano, ambako nilikuwa natengeneza mashine za boti za wachuuzi wa samaki. Hakuna mtu alinifundisha. Nilifungua mashine ya mjomba wangu bila kumuuliza, nikaifunga tena, nikabaki na nati mbili mkononi, na ikawaka. Kutoka siku hiyo nikajiita fundi. Mjomba aliniita majina mengine.

Ofisi ilikuwa na pikipiki sita ndogo za kupeleka dawa za hospitali. Madresa, wahudumu wa dawa wa hospitali, walizipanda kwenda Mbita, Ndhiwa, Migori mpaka Kehancha karibu na mpaka. Barabara ni mawe wakati wa jua, na wakati wa mvua ni ule udongo mweusi unaoshika tairi kama ugali. Fundi wa hizo pikipiki alikuwa Mzee Elisha, mtu mfupi, mkimya, mzee wa kanisa kwao Rusinga. Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu, injini hizi zinapata wapi oili. Hapo nilijua. Nikajibu kwa kiburi kwamba hazina tumbo la oili kama gari, oili inachanganywa ndani ya petroli, inapita pamoja nayo, inapaka pistoni, halafu inachomeka na kutoka kwa ekzosi. Kama mashine ya boti tu.

"Unachanganya kiasi gani?"

"Nakadiria kwa macho, jaduong', mzee wangu. Mfangano wote tunakadiria."

Akapangusa mikono polepole. "Boti ikizima, unapiga kasia. Pikipiki ikishika kwa mteremko, pistoni ikakwama ndani, mtu anapiga mawe kwa kichwa. Hapa hakuna kukadiria."

Ndipo akanionyesha mkebe. Ulikuwa mkebe wa maziwa mazito, ile ya bati, na ndani alikuwa amekwaruza mstari kwa msumari, chini kidogo ya mdomo. Mkebe mmoja mpaka kwa mstari, galoni moja ya petroli. Huo ndio ulikuwa Biblia ya banda. Oili haimwagwi moja kwa moja kwa pipa. Kwanza unaikoroga kwa ndoo ya petroli mpaka ishikane, halafu ndiyo unamimina. Akihesabu mikebe alikuwa na kokoto mfukoni, kila mkebe kokoto moja inahama kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, na ukimsemesha katikati hakujibu hata kama wewe ni mkubwa wa ofisi. Mimi nilimsemesha siku moja. Alimwaga ndoo yote kwa tangi la kuoshea spana, akaanza upya, bila neno. Sikurudia.

Halafu ile kazi ya pipa lenyewe. Oili ni nzito kuliko petroli. Kama haikushikana vizuri inashuka, inakaa chini kama matope ya mtungi. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya kuvuta hata tone, mimi na Mzee tulilaza pipa na kuliviringisha kutoka ukuta mpaka geti na kurudi, mara tatu. Lilipiga kelele kama gari la moshi. Makarani walilalamika hawasikii simu. Mzee aliwaambia pikipiki ikishika, simu watasikia.

Alinifundisha pia kuchagua petroli. Madresa walikuwa wanataka supa, kwa sababu jina ni tamu na inalipiwa zaidi. Mzee alisema supa ni ya injini inayobana sana, kama ya magari ya wakubwa. Hizi zetu zinabana kidogo, ukizipa supa ni kama kumpa punda chai ya maziwa, atakunywa lakini hatakimbia. Zipewe ya kawaida, mpya, isiyokaa juani, iliyochujwa kwa kitambaa. Hayo tu. Nilikuwa na kitabu kimoja cha pikipiki cha Kiingereza, nikasoma usiku na mchana kwa picha na kwa kamusi, na kila nilipopata jambo jipya nilienda kumshinda nalo Mzee. Sikumshinda hata mara moja. Kitabu kilikuwa kinakubaliana naye, na hilo lilinikasirisha pia.

Miaka ikaenda. Hakuna pikipiki ilishika. Andikeni hiyo mahali.

Halafu akaletwa Bwana Hezron kuwa mkubwa wetu. Hilo si jina lake, nimembadilishia, ingawa hastahili. Alikuwa na viatu vinavyong'aa na hakupenda kelele. Wiki ya kwanza alikuja na mgeni wake, akatukuta tunaviringisha pipa, Mzee na ndevu zake nyeupe upande mmoja na mimi upande mwingine. Mgeni akacheka. Mambo yote yaliyofuata yalianzia kwa hicho kicheko, na ninyi mjue hivyo. Hezron aliona aibu, na mkubwa akiona aibu lazima mtu mdogo alipe. Akasema watu wazima hawachezi na pipa kama watoto na gurudumu. Akaagiza lijengwe jukwaa la simenti, pipa liwekwe juu, lisimame hapo, mwisho.

Mzee alimweleza mambo ya oili taratibu, kama anaeleza mtoto wa shule. Hezron akasema atatafuta njia ya kisasa. Na njia ya kisasa ikaja kwa gari dogo, imevaa tai.

Alikuwa muuzaji wa dawa ya petroli. Mikebe midogo midogo, ndani maji mekundu yanayonuka peremende. Kulingana na yeye ile dawa inaongeza nguvu, inasafisha plagi, inalainisha silinda, na juu ya yote inashika oili na petroli pamoja kama gundi, isishuke milele. Alibakisha tu kusema inaponya malaria. Akaweka petroli na oili kwa chupa ya kioo, akatia dawa, akafunga, akatingisha kwa nguvu, akaisimamisha mezani. Ikakaa imechanganyika vizuri. Hezron akatuangalia kama mtu ameshinda kesi.

Mzee akasema, "Sasa fanya bila kutingisha."

Muuzaji akacheka, akamwambia baba wewe una maneno, akafungua daftari lake kuandika oda. Ile chupa haikujaribiwa bila kutingishwa, na katoni nane zilishushwa kwa banda.

Sasa nafika mahali pagumu. Nitaandika haraka.

Siku ya Jumamosi tulijaza pipa jipya juu ya jukwaa. Hezron alisimama hapo mwenyewe. Aliamuru oili imwagwe moja kwa moja, ndoo haina haja, halafu dawa juu. Mzee alihesabu kokoto zake hata hivyo. Jioni akaniambia anatumwa Mbita, kuna pikipiki imevunjika springi, hatakuwepo Jumatatu.

"Okelo, kuviringisha wametukataza. Lakini hakuna aliyekataza mti. Kabla hujavuta, ingiza mti mrefu, ukoroge mpaka mkono uchoke."

Nikasema ndiyo.

Jumatatu asubuhi Hezron alinikuta nimeshika ule mti. Akaniuliza mbele ya makarani kama mimi napika ugali. Wakacheka wote. Akasema nikigusa pipa lake na kuni tena nitarudi Mfangano kuvua omena. Nyinyi mnanijua. Damu ilipanda mpaka machoni. Nikatupa mti chini, nikasema moyoni, si mnataka dawa? Wacha dawa ifanye kazi. Waone.

Wa kwanza kila siku alikuwa Marwa, dresa wa Kehancha, kwa sababu njia yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Mkuria mrefu, mcheshi, nilimpenda kuliko wote ingawa sikumwambia. Akanikuta nimenuna.

"Wewe Jaluo, leo umekasirika kama mtu amenyimwa kichwa cha samaki."

"Lete tangi, Mkuria. Mdomo wako utamaliza petroli."

Nikaingiza mpira, ule mfupi, unaofika juu juu tu ya pipa. Nikavuta. Ilikuja nyepesi, nyekundu, na mdomoni haikuacha ule utelezi. Mdomo wangu ulijua. Miaka minne navuta hiyo kitu, mdomo wangu ulijua kabisa hapo hakuna oili. Na nikamjazia tangi, akaenda.

Alipita Ndhiwa salama. Kwenye mteremko wa kwenda mto Kuja injini ilishika. Ukishuka mlima umefunga gesi, pistoni inapata kidogo sana, na hapo hata kile kidogo hakikuwa na oili. Gurudumu la nyuma likakwama ghafla, yeye na sanduku la dawa wakaruka. Mguu ulivunjika mahali pawili. Watu wa shamba walimbeba kwa kitanda, halafu ndugu zake wakaja na lori wakamchukua yeye na pikipiki mpaka Migori, kwa kaka yake.

Habari ilifika Jumanne. Mzee alikuwa amerudi. Hezron akaja bandani na karatasi nyeupe ya ofisi na fimbo ndefu, na makarani nyuma yake kama watu wa mazishi. Kwenye steshini za petroli kuna jaribio moja ambalo hata nyinyi mnalijua. Unadondosha petroli kwa karatasi. Kama ni safi inakauka, inapotea, karatasi inabaki nyeupe. Kama imechanganywa na mafuta ya taa inabaki alama ya mafuta. Hezron akaingiza fimbo mpaka chini ya pipa, akaitoa, akadondosha. Tukangoja. Ikabaki alama kubwa, ya njano, inayong'aa.

"Mafuta ya taa," akasema. "Nani ana ufunguo wa pipa?"

Ufunguo ulikuwa na Mzee.

"Bwana, hiyo ni oili," Mzee akasema. "Petroli ya pikipiki hizi lazima iache alama. Isipoacha ndiyo mbaya."

"Oili imeshikwa na dawa. Usinifanye mjinga."

Mtu alikuwa anatumia jaribio la petroli ya gari kwa petroli ya pikipiki, basi. Ile alama ilikuwa oili ya Mzee mwenyewe, ile aliyoihesabu kokoto kwa kokoto, imelala chini ya pipa ambalo halikukorogwa. Uaminifu wake ndio ukamshtaki. Hezron akaandika wizi. Akachukua mkebe wa maziwa, akaufunga kwa gazeti, akasema ni ushahidi, kipimo cha mwizi, akaufungia kwa kabati la ofisi. Mzee akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya spana. Mimi nilikuwa nimeshainua spana. Akanishika mkono tu, akaenda.

Na mimi sikusema kitu. Huu mdomo ambao haujawahi kufungwa, siku hiyo ulifungwa. Sikusema nani alijaza tangi la Marwa.

Maneno yalivuka maji kabla ya Mzee mwenyewe. Kanisani Rusinga walimtoa kwa kiti cha wazee, wakamkalisha kwa benchi ya karibu na mlango, ile ya watu wanaongojewa watubu. Sokoni alipopita watu walivuta pua, kama wananusa taa. Mmoja alimwomba amjazie kibatari. Mtu aliyehama kokoto kutoka mfuko hadi mfuko maisha yake yote.

Nilienda kumwona baada ya wiki mbili. Nilimkuta ufuoni amefungua mashine ya boti ya jirani. Hakuinua uso.

"Ulikoroga?"

"Hapana, japuonj, mwalimu wangu."

Akaendelea kufungua nati. Ningependa anitukane. Ningependa anipige na spana. Akasema tu, "Nilijua. Mimi ni mzee, nyathina, mwanangu. Wewe bado una miaka ya kazi." Na hapo nikaelewa alijua tangu ile Jumanne, mbele ya Hezron na karatasi yake, na hakunitaja.

Nilirudi Homa Bay bila kulala, na kesho yake nikaenda Migori.

Marwa alikuwa amelala kwa nyumba ya kaka yake, mguu umefungwa mbao. Pikipiki ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mifuko, hakuna aliyeigusa, na petroli ilibaki ndani ya tangi. Nikaomba wamtoe Marwa nje kwa kiti aone. Nikafungua bomba la tangi nikajaza chupa. Nikafungua silinda. Pistoni ilikuwa imekwaruzwa upande wa ekzosi kama imelambwa na paka wa chuma, kavu kabisa, hata kidole hakikuchafuka. Halafu nikararua ukurasa wa daftari, nikadondosha tone. Likakauka. Hakuna mafuta. Imebaki rangi nyekundu kidogo tu, ile dawa ya peremende.

"Kwa hivyo haikuwa na mafuta ya taa," Marwa akasema.

"Haikuwa na oili. Oili ilikuwa chini ya pipa, na mimi nilivuta kutoka juu. Mzee aliniambia nikoroge, nikakataa kwa hasira. Nilionja, nikajua, nikakujazia."

Kuku walipita katikati ya spana zangu. Halafu Marwa akaniambia nimpe gongo lake. Nikampa, nikafunga macho, nikangoja linipate kichwani. Nilistahili. Sikusikia kitu. Nikafungua macho, nikakuta ameliegemea, anajaribu kusimama, jasho linamtoka.

"Mguu utapona," akasema. "Huko Rusinga wanaelewa Kiswahili?"

Kwanza nilienda kwa Hezron. Nilimwekea mezani karatasi, chupa na pistoni. Mjinga hakuwa, nilimwona akielewa, uso ulibadilika. Wiki hiyo hiyo pikipiki nne zingine zilikuwa zimeziba plagi kwa oili, zinatoa moshi kama tanuri la matofali, kwa sababu pipa lile lile aliloliita la mafuta ya taa liliendelea kutumika, na sasa lilikuwa limefika chini. Akasema haya, viringisheni pipa lenu. Nikamuuliza na jina la Mzee. Akasema faili limefungwa. Kunifukuza aliogopa, maana angelazimika kuandika habari ya dawa. Badala yake akapeleka barua Rusinga kwamba Mzee Elisha amesamehewa na anaweza kurudi. Amesamehewa. Mzee aliirudisha ile barua kwa posta, na nyuma ameandika kwa penseli, Msamaha wa nini?

Nikamwambia Hezron aje Rusinga aseme kwa mdomo wake. Akasema hana nafasi. Miaka yote hakupata nafasi.

Kwa hivyo tulienda sisi. Ilipita miezi miwili mpaka Marwa akaweza safari. Tulivuka pale Mbita kwa boti, yeye na magongo mawili, mimi na kikapu cha chupa. Wenye boti walituuliza tunaenda kuuza nini. Marwa akasema anauza Jaluo mmoja mwongo, bei rahisi. Tulifika mahubiri yameisha, mwalimu wa kanisa anasoma matangazo. Mzee alikuwa kwa ile benchi ya mlangoni. Alipotuona alitikisa kichwa kutukataza. Nilipita.

Niliomba nafasi. Mwalimu hakutaka, lakini watu walikuwa wameona magongo ya Marwa, na hakuna kanisa linaloweza kumfukuza mtu wa magongo kabla halijasikia hadithi yake. Marwa akaongea kwanza, kwa Kiswahili, na mimi nikageuza kwa Dholuo. Akasema yeye ndiye aliyeanguka, mguu ni wake, na kama kuna mtu ana haki ya kumkasirikia mzee huyu ni yeye, na hamkasirikii.

Halafu mimi. Nikaweka kurasa tatu juu ya meza. Ya kwanza petroli tupu, ikakauka nyeupe. Ya pili petroli ya pikipiki iliyochanganywa vizuri, ikabaki alama. Ya tatu ya tangi la Marwa, ikakauka. Nikawaambia ile alama waliyoambiwa ni wizi ni oili, na mahali alama haikuwepo ndipo mtu alivunjika mguu. Mzee mmoja wa kanisa akauliza watajuaje alama si mafuta ya taa. Swali zuri, na mimi, kwa ujuzi wangu wote, sikuwa nimejiandaa. Mama Perez akatoka kwa benchi za wanawake. Anauza mafuta ya taa kwa chupa, nyumba zote za hapo huwaka kwa mafuta yake. Akachukua ile karatasi, akanusa, akageuza, akanusa tena.

"Nimeuza mafuta ya taa tangu bwanangu afariki. Hii si yangu."

Watu wakacheka, na kwa hicho kicheko nikajua imekwisha. Lakini nilikuwa sijamaliza. Nikasema nani alijaza tangi. Nikasema niliambiwa nikoroge na sikukoroga, na Mzee alijua, na amekaa mlangoni wiki zote hizi akinifichia. Hakuna aliyecheka hapo. Mwalimu wa kanisa akashuka, akatembea mpaka benchi ya mlango, akamshika Mzee Elisha mkono, akamrudisha mbele kwa kiti chake. Mzee alikaa kama mtu aliyeombwa akae tu, hakulia, hakushukuru. Tulipotoka nje aliniambia neno moja, kwamba chupa yangu ya pili sikuitingisha ya kutosha, alama ingekuwa sawa sawa zaidi.

Hakurudi kazini. Ametengeneza mashine za boti mpaka leo, na hakuna hata moja imeshika. Marwa anachechemea na bado anapanda pikipiki. Mimi nilibaki kwa banda kwa sababu moja, pipa. Niliogopa nikiondoka mtu atalisimamisha. Hezron alihamishwa, akaenda kuharibu mahali pengine. Zile katoni za dawa nimezitumia kutoa kutu kwenye spana. Inatoa kutu vizuri, hiyo nakubali.

Nyinyi mnaobaki, ndoo kwanza, halafu pipa, halafu geti na kurudi, mara tatu. Makarani wakilalamika waambieni Okelo alisema. Na mkitumwa kufanya ujinga kwa amri, koroga hata kama umetukanwa. Hasira yako dresa haijui, yeye anajua tu mteremko.

Lakini faili halikubadilishwa. Niliomba kila mwaka, kwa kila mkubwa aliyekuja, nikaambiwa halifunguliwi. Limeandikwa mpaka leo kwamba fundi wa banda letu ni mwizi. Basi Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mwisho, karani alienda chai akaacha ufunguo kwa kabati. Nilifungua, nikatoa kitu kimoja kilichofungwa kwa gazeti la zamani, nikakiweka ndani ya koti, nikatoka kwa geti kubwa bila kuaga. Jumamosi nilivuka Rusinga. Mzee Elisha alifungua gazeti polepole, akaangalia ndani ya mkebe, akapitisha kidole kwa ule mstari wa msumari, akauliza nani aliuacha ushike kutu namna hii.

Kama kuna mtu ofisini anautafuta, uko kwake. Na lile faili liacheni kama lilivyo. Sasa limeandikwa kweli.